Mti Ulipoua Ukawa Wetu

Lanet,
Nakuru.
21 Septemba 2025.

Mpendwa wifi yangu Cheptoo,

Pokea salamu kutoka nyumbani, ambapo jina lako hutajwa kila jioni Mama anapoombea chakula. U hali gani? Lewis anaendeleaje na kazi zake za zamu? Na watoto je? Tulisikia mdogo alisumbuliwa na kifua. Natumaini baridi ya Perth imeanza kulegea na sasa anacheza nje kama wenzake.

Sisi tunapumua. Mama magoti yanamtesa na jicho la kushoto halioni tena, lakini bado anajua ni nani ameingia kwa kusikiliza viatu tu. Chelagat amemaliza chuo cha ualimu na anangoja kazi, kama walivyo wenzake wote. Viazi vilikubali mwaka huu. Ng'ombe amezaa, ingawa ni ndume.

Barua hii utaletewa na Navneet, binti wa Joginder wa duka la vifaa vya ujenzi kule Section 58, ambaye anarudi chuoni huko kwenu. Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu simu ina haraka, na lile grupu la familia lina macho mengi. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu, hata baada ya miaka yote hii ya kuolewa kwenu, Kikalenjin changu ni cha kusalimia wazee na kuomba chumvi, na Kikisii changu wewe hukijui.

Sasa niseme kilichonikalisha hapa. Nina uchungu na wewe, wifi.

Uliandika kwenye grupu: "Kipngetich amekata mti wa Baba na kulipeleka jina la Baba kortini. Aibu gani hii." Kisha ukatoka kwenye grupu, kama mtu anayebamiza mlango nyuma yake. Mume wangu, ndugu yako, aliyasoma maneno hayo akiwa jikoni. Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akatoka kwenda kumlisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshalishwa.

Wewe uko mbali, na habari zilikufikia vipande vipande, kila kipande na mwenye kukipeleka. Mimi nilikuwepo. Nitakueleza kama ilivyokuwa, halafu uhukumu.

Unaikumbuka ile mikaratusi miwili ya langoni. Baba aliipanda alipohamia hapa, ikiwa ndani ya ua wetu, ili akija kujenga nyumba ya mawe awe na nguzo zake mwenyewe. Ulipoondoka kwenda ng'ambo bado ilikuwa ndani ya ua. Kisha wakaja wapimaji wa barabara. Walirudisha mawe ya mpaka nyuma, tukang'oa ua tukausogeza, na miti ikabaki nje, upande wa barabara. Baba alitaka kuikata wakati ule ule, maana ilikuwa imefika kimo cha kazi. Alikuwa ameshaleta shoka. Msimamizi wa ile kazi akamwambia mbele yetu sote, "Mzee, weka hiyo shoka chini. Hii sasa ni ardhi ya barabara. Hiyo si miti yako tena."

Baba aliweka shoka chini. Wewe unamjua, alikuwa mtu wa kutii. Alikufa bila kuigusa miti ile tena. Kwa hiyo unapouita mti wa Baba, ujue Baba mwenyewe alinyang'anywa neno hilo mdomoni akiwa hai.

Barabara ilipowekwa lami wakachimba mtaro wa maji pembeni, na tingatinga likapita katikati ya mizizi ya miti yote miwili. Nililiona kwa macho yangu: mizizi minene kama paja imekatwa, inatoa maji, ikafukiwa na udongo. Mwaka uliofuata mti wa kwanza ukaanza kuinama. Haukuinama kwa ghafla. Ni kama mzee anayesinzia kanisani. Ukimtazama hasogei, ukirudi baadaye unakuta kichwa kimeshuka.

Kipngetich alianza kuzunguka maofisini. Watu wa barabara walimwambia wao kazi yao ni lami, miti ina wenyewe. Watu wa misitu wakamwambia kazi yao ni msitu, na mti mmoja wa kando ya barabara si msitu. Watu wa stima wakaja, wakatazama juu, wakasema matawi hayajagusa waya, yakigusa tupige simu. Akarudi kwa watu wa barabara. Mara hiyo alikuwa amenichukua twende wote, akidhani labda mwanamke akiwepo watasikiliza.

Ofisa alikuwa anakunywa chai. Kipngetich akamwambia, "Boss, mimi siombi kitu. Mniruhusu tu niukate mwenyewe, kwa gharama yangu."

Yule akasema, "Huwezi kukata mti wa umma. Utashtakiwa."

"Basi mkate nyinyi."

"Sisi hatukati. Sisi si wenye miti."

"Sasa mwenye huo mti ni nani?"

Ofisa akaweka kikombe chini, akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Mzee, hilo ni swali zuri."

Tulirudi nyumbani na jibu hilo.

Chini ya ule mti alikuwa anakaa Wangui. Najua unamkumbuka. Ni yeye aliyepika uji ulipokuja kumzika Baba. Wewe ulikuwa huwezi kumeza chochote, akakaa na wewe nyuma ya nyumba mpaka kikombe kikaisha. Kibanda chake kilikuwa hapo kabla hata ya lami. Aliuza sukuma wiki, nyanya, na githeri mchana kwa watu wa mjengo. Alikuwa rafiki yangu. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilipokosa ada ya Chelagat alijua kabla sijasema, na nilipopata aliniambia nifunge mdomo nisijitangaze.

Kipngetich alimwambia ahame. Alimwambia mara nyingi mpaka ikawa kama salamu yao ya asubuhi. Wangui alikuwa anamjibu, "Baba Chelagat, nikihama wateja watanitafutia wapi? Huo upande mwingine ni jua tupu na vumbi. Wewe ongea na hao wenye mti, mimi niache na nyanya zangu."

"Hauna mwenyewe," Kipngetich anasema.

"Basi utaanguka bila ruhusa ya nani?" Na hapo anacheka, akinigeukia mimi nicheke naye.

Ilikuwa Mei. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na ardhi imekuwa uji. Siku yenyewe haikuwa na mvua wala upepo. Jua lilikuwa limetoka, na mimi nilikuwa nimeitoa cherehani kibarazani nishone sare za shule kwenye mwanga. Nilisikia kitu kama nguo nzito inayopasuliwa. Nikadhani ni lori limemwaga kokoto. Nilipoinua macho, langoni hapakuwa na mti, palikuwa na anga.

Sitakuandikia yote niliyoyaona. Vijana wa bodaboda walifika kwanza, wakajaribu kuinua kwa mikono, kisha wakaleta jeki za magari. Kipngetich alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, mkono wake umeingia katikati ya matawi, amemshika Wangui mkono, anamwambia tunakuja, tunakuja. Wangui alikuwa ameshakufa. Nadhani Kipngetich alijua. Lakini hakuuachia mkono ule mpaka walipoukata mti na kumtoa.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu haya hayakuandikwa kwenye grupu.

Kabla jua halijatua maofisa walikuwa wamefika, wale wale ambao hawakuwa na mafuta ya gari la kuja kutazama mti ukiwa umesimama. Mmoja akauliza watu waliosimama pale, "Huu mti aliupanda nani?" Mtu akasema, bila nia mbaya, "Marehemu mzee wa boma hili." Basi. Wakatazamana, wakatikisa vichwa, na kuanzia hapo mti ukawa wetu. Tuliwaonyesha mawe ya mpaka. Tuliwaeleza habari ya shoka la Baba. Yule mwenye kalamu akasema aliyepanda mti ndiye mwenye wajibu wa kuutunza, na kwamba familia ilizembea.

Na kesho yake asubuhi likaja lori. Wakapakia magogo, yote, mpaka matawi ya kuni. Kipngetich akawauliza wanapeleka wapi mti wa watu. Wakamwambia hiyo ni mali ya umma.

Wifi, ulipokuwa umesimama mti ule ulikuwa si wetu. Ulipoua ukawa wetu. Ulipogeuka mbao ukawa si wetu tena. Yote hayo kati ya adhuhuri na asubuhi.

Watu wa Wangui waliambiwa ni mti wa kwetu. Siwalaumu, walikuwa wamefiwa na walihitaji kumwona mtu, na ofisi haina uso. Tulienda mazishini kwao, kule Bahati. Nilikuwa nimepika chapati na maharagwe, tumebeba sufuria mbili. Kaka yake alitusimamisha langoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Rudini na chakula chenu." Tulisimama barabarani tukasikia nyimbo kwa mbali. Nilimsikia kasisi akilitaja jina lake. Rafiki yangu alizikwa na mimi nimesimama nje ya ua na sufuria mkononi, kama mchuuzi.

Kisha ukabaki mti wa pili.

Mwenzake ulipoanguka, ule wa pili ulilegea nao. Udongo ulipasuka upande mmoja, ufa wa kuingiza mkono. Na unajua ni nani aliyekuja kukaa pale? Shiru, binti mkubwa wa Wangui. Mwezi haukuisha tangu mazishi, alipigilia kibanda cha mama yake upya, hatua chache tu kutoka kilipokuwa, chini ya huo mti wa pili. Ana wadogo zake watatu wa kulisha. Wateja wamezoea pale. Alikuwa hatusalimii. Nikienda kununua kwake ananiuzia, anahesabu chenji, anaangalia kando.

Kipngetich akarudi maofisini. Mimi nilimwambia asiende, nilijua atarudi namna gani. Walimwambia suala hilo sasa liko mikononi mwa mkaguzi, na mpaka ripoti ya mkaguzi itoke hakuna ruhusa ya mtu yeyote kugusa kitu. Akauliza ripoti itatoka lini. Wakamwambia arudi baada ya mvua.

Usiku hakuwa analala vizuri. Kukivuma kidogo anakaa kitandani. Ndipo siku moja ya Julai, asubuhi kweupe, akamwita Kahiga, yule fundi wa kupasua mbao mwenye msumeno wa injini. Hawakujificha. Kipngetich alimwendea Shiru, akavua kofia, akamwambia, "Mama, naomba usogeze biashara yako kwa saa chache." Shiru akaanza kukusanya nyanya. Vijana wa bodaboda wakasimamisha magari pande zote mbili. Kahiga akafunga kamba, akakata kutoka juu kuja chini, kipande kwa kipande, na hakuna hata tawi lililogusa waya au mtu. Mama alikuwa ametoka nje na fimbo yake. Aliposikia kipande cha mwisho kikigonga chini alisema, "Sasa tulale."

Kahiga hajamaliza kukunja kamba, gari likafika. Miaka yote tuliyoita hawakuwahi kuijua njia. Siku hiyo waliijua.

"Nani amekupa ruhusa ya kukata mti wa umma?" ofisa akauliza.

Na ndugu yako akacheka. Ndicho kitu walichoenda kusema kortini, kwamba alikuwa na dharau, alicheka. Mimi nilikuwa karibu na haikuwa dharau. Alisema, "Kumbe una mwenyewe! Nimemtafuta mwenye mti huu mpaka viatu vimeisha. Karibu. Karibu sana. Wangui hukumkuta, lakini karibu."

Wakamtia pingu mbele ya mama yake.

Kortini alikiri. Wakili wa bure aliyepewa alimwambia akane, kesi iburutwe, labda ingekufa yenyewe. Kipngetich akasema hawezi kukana kitu ambacho kijiji kizima kilikiona na ambacho angekifanya tena. Hakimu alikuwa mama wa makamo, na alisikiliza kwa makini, lazima niseme ukweli. Alimuuliza kama ana la kusema. Akaeleza yote, tangu mtaro mpaka chai ya ofisa. Hakimu akavua miwani, akasema anamhurumia, lakini sheria haimpi mtu binafsi haki ya kukata mti wa barabara, na huzuni si kibali. Akasema kama kuna waliozembea, hilo ni shauri jingine, lifunguliwe na mwenye kulifungua. Hadi leo hakuna aliyelifungua. Kaka yake Wangui aliambiwa atahitaji kwanza kuthibitisha ni ofisi gani anayoishtaki.

Hiyo ndiyo aibu uliyoisoma ukiwa Perth.

Alipewa kifungo cha nje. Na unajua kazi aliyopangiwa? Kupanda miche ya miti kando ya barabara. Barabara yetu hii hii, Cheptoo. Kufidia mti alioharibu.

Kila asubuhi anavaa lile koti la kazi, anachukua jembe, anasimama foleni na vijana walioshikwa na pombe haramu. Watu wanaokwenda kazini wanapita. Wengine wanamsalimia, wengine wanageuza uso ili wasimwaibishe, na hiyo ya pili ndiyo inayomuuma. Mtu wa miaka hamsini, aliyekuwa mzee wa kanisa. Kanisani nako wamemwambia apumzike kwanza mpaka mambo yatulie.

Wiki iliyopita walifika langoni kwetu. Nilikuwa kibarazani, nikayasikia yote. Ofisa kijana akatupa vijiti chini kuonyesha mahali pa mashimo, na kijiti kimoja kikaanguka pale pale alipokuwa anakaa Wangui, kati ya mtaro na lami, chini ya waya wa stima.

Kipngetich akauliza, "Mti huu ukikua, ukianza kuinama, nimwambie nani?"

"Mzee, wewe panda tu."

"Ninauliza ni wa nani."

"Mzee, ukimaliza hilo shimo nitakuwekea sahihi uende nyumbani. Mambo ya kesho yana watu wake."

Hakuchimba. Alisimama na jembe begani, na nikaona kijana yule anatoa simu, nikajua anataka kuripoti kwamba mfungwa amekaidi, na hapo kifungo cha nje kingekuwa cha ndani. Nilianza kushuka ngazi. Kabla sijafika Shiru akatoka kibandani. Alichukua jembe kutoka kwa Kipngetich, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akachimba lile shimo mwenyewe. Alichimba akilia bila sauti, mahali mama yake alipofia. Akaweka mche, akarudisha udongo, akaushindilia kwa kiatu. Kisha akamwambia ofisa, "Weka sahihi."

Na ofisa akaweka.

Tangu siku hiyo Shiru anatusalimia. Hilo ndilo jema pekee nililo nalo la kukuandikia, na limepatikana kwa bei ambayo sijui ni nani angekubali kuilipa.

Sitaki utume kitu, na usimtumie Kipngetich ujumbe wa kuomba radhi kupitia kwangu. Mpigie simu. Mpigie yeye mwenyewe, asubuhi kabla hajavaa lile koti, umwite jina lile mlilokuwa mnaitana mkiwa watoto, ambalo mimi hajawahi kuniambia. Hazungumzi na mtu siku hizi. Anakula baada ya sisi sote kumaliza. Aliyatii maneno ya ofisi mpaka yakamuua Wangui, akaacha kuyatii yakamfunga, na kati ya watu wote waliomwita mkosaji, neno moja linalomkosesha usingizi ni lako.

Mama anakusalimu, anasema uvae nguo nzito na usiwafundishe watoto kulala bila kuomba. Chelagat anakusalimu. Kahiga, ambaye alipigwa faini na bado anasema angekata, anakusalimu pia. Tusalimie Lewis, na umbusu mdogo kifuani pale palipokuwa panauma.

Mungu awalinde mnakolala na mnakopita. Awape huko barabara ambazo zina mtu wa kuulizwa.

Ni mimi wifi yako, mwenye hasira na wewe na asiye na dada mwingine katika nyumba hii,

Eucabeth.